Matawi ya Minyaa Niliyompa Karani wa Pamba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mnavyoniita. Mnaniita bibi mkaidi. Mnapita na pikipiki zenu katikati ya boma langu, kati ya jiko na banda la kuku, mnapiga honi kana kwamba njia hiyo mlichongewa na baba zenu. Mkifika barabarani mnaambiana kuwa hapa kwa bibi zingekaa fremu nane za maduka, lakini yeye ameacha uwazi wa kupitishia mavi ya ng'ombe. Nimewasikia. Masikio yangu bado mazima. Basi kaeni chini niwaeleze uwazi huo umetoka wapi, maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, na sipendi kusimuliwa na watu wengine nikiwa bado hai.

Sikusoma sana. Kule Ipililo nilikozaliwa nilifika darasa la pili, baba akanitoa nikachunge ndama. Herufi zilizobaki nilizimalizia ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru, tumekaa ndani ya ghala la pamba na watoto mgongoni. Kwa hiyo mkikuta nimekosea, someni tu. Mtaelewa.

Nilipoolewa hapa, boma letu ndilo lilikuwa mwisho wa Bariadi. Mtu akitoka mjini kwenda Lagangabilili, akishatupita sisi alikuwa haoni kitu tena ila mashamba. Mbele yetu barabara. Ng'ambo ya barabara bonde, na bondeni lambo la maji ambalo wazee walilichimba kwa majembe kabla yangu. Nyuma yetu kulikuwa na maboma mengine sita au saba, yote ya watu wa ng'ombe. Na ubavuni mwa boma letu, mkono wa kulia ukitazama barabara, lilipita palio.

Palio ni njia ya ng'ombe. Lile letu halikuwa na kibao wala karatasi. Lilikuwa pana, ng'ombe kumi walitembea sambamba bila kugusana pembe, na vumbi lake lilikuwa laini hata watoto walilichezea kama unga. Kiangazi, jua likishapanda, ng'ombe wa maboma ya nyuma walishuka na palio hilo, wakavuka barabara, wakanywa lambo, wakarudi. Saa ya kuinjika ugali nilikuwa naijua kwa kengele zao. Saa ya ukutani nilikuja kuinunua baadaye sana, na ilisimama mwaka huohuo.

Sasa sikilizeni jambo la minyaa, maana ninyi mnaiona kama vichaka tu. Kwetu mtu akihamia huomba pa kukaa, na hupewa. Analima mtama, analima viazi, anavuna, hakuna anayemsumbua. Lakini mgeni hapandi mti, na zaidi ya yote hapandi minyaa. Minyaa ndiyo ukuta wetu na ndiyo hati yetu. Inapoanzia minyaa ya mtu ndipo boma lake linapoanzia, na akifa, wajukuu wake huoneshwa minyaa ileile. Hilo mtoto wa hapa alilijua kabla hajajua kufunga kamba ya ndama. Hata mimi nililijua. Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Mume wangu alikwisha fariki wakati mambo yalipobadilika. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, ushirika. Ulipeleka ushirika, ulipimiwa, ulirudi nyumbani ukangoja. Ukangoja sana. Halafu tukasikia kwenye redio kwamba biashara imefunguliwa, sasa kila mwenye mtaji anaruhusiwa kununua. Msimu uliofuata wakaja watu na malori yao, wakatundika mizani hata kwenye miti. Pamba kutoka kijiji cha Zagayu ikawa inakuja kwa mikokoteni ya ng'ombe, foleni inaanzia karibu na kwetu mpaka mjini. Penye foleni pakazuka mama wa chai. Pembeni ya mama wa chai pakazuka muuza mitumba. Kisha gesti, kisha baa yenye muziki wa kutikisa masufuria yangu jikoni, kisha mashine ya kusaga, kisha duka la vipuri vya baiskeli, na kila duka likawa linakufungia kitu kwenye mfuko wa nailoni, hata kiberiti.

Sitasema uongo kwamba nilichukia. Nilifurahi. Nilipeleka pamba asubuhi, jioni nikarudi na bati za kuezekea jiko. Nilinunua sabuni bila kuandikisha jina kwa mtu. Watoto wakavaa viatu. Nilifikiri, kumbe hivi ndivyo watu wa mjini wanavyoishi, na sisi mji umetufuata tulipo bila hata kuhama.

Mwaka huohuo akaja karani wa pamba. Alikuwa kijana mwembamba, si wa hapa lakini amejifunza salamu zetu, na amebeba mizani begani kama mtu aliyebeba mbuzi.

"Mwadila, mayu," akanisalimu.

"Mwadila, baba. Unatoka wapi na jua hili?"

"Natafuta pa kutundika mizani, mayu. Yenyewe haisikii jua, anayesikia jua ni mimi."

Nikacheka. Mtu anayekuita mayu, yaani mama, na akakuchekesha, unamfukuzaje? Nikampa kigoda, nikampa maziwa. Alipokwisha kunywa nikamwonesha kona, pale kati ya minyaa yangu na palio, karibu na barabara.

"Kaa hapo. Msimu ukiisha utaondoka."

"Msimu ukiisha nitaondoka, mayu."

Na alikaa vizuri. Pamba yangu aliipima kwanza. Binti yangu alipoumwa usiku, lori lake ndilo lililompeleka hospitali, na hakutaka kitu. Hata leo sisemi kwamba alikuja kuiba. Alikuja kununua pamba.

Shida yake ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe akiona pamba yenye mbegu huila kama amepewa chumvi, na palio lilikuwa hatua chache kutoka kwenye magunia yake. Kila mchana ilikuwa ni kelele na fimbo. Msimu ulipoisha, mvua za kwanza zikiwa karibu, akaja jikoni kwangu.

"Mayu, mwaka ujao nitarudi. Nikatie matawi machache ya minyaa yako, niweke uzio mdogo, nisigombane na ng'ombe wa wazee."

Nilikuwa nabandua ugali. Nilikuwa na shamba la kuandaa na mvua inanukia. Nikachukua panga, nikamkatia mzigo mzima, nikamwambia, "Chomeka hapo kwenye kona." Nikaenda shambani. Sikusimama kumwonesha pa kuanzia na pa kuishia. Sikuhesabu hatua. Nilimkatia kama mtu anavyomkatia jirani kipande cha boga.

Aliyeona ni mzee wa boma la nyuma. Huyo alikuwa rika la marehemu mume wangu, akiniita shemeji, na utani wetu ulikuwa wa kila siku. Alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama.

"Shemeji, umempa mgeni minyaa?"

"Nimempa uzio wa pamba yake. Wewe si ndiye ng'ombe wako wanamla?"

"Ng'ombe wangu wanaonja tu. Wewe ndiye umemlisha." Akacheka, meno yake yote mawili nje. "Haya, mwaka kesho mpe na zizi, umuoze na binti."

"Nitamuoza wewe, ukampikie."

Akaenda zake anacheka, na mimi nikacheka. Ndivyo ilivyokuwa.

Masika ng'ombe hawashuki lambo. Maji yapo kila shimo, hakuna anayepita palio. Kwa hiyo hakuna aliyeona. Kiangazi kiliporudi tukakuta minyaa imeshika, mbichi, imefika gotini, na haikuwa kwenye kona tu. Ilikuwa imeingia ndani ya palio kama nusu yake. Ng'ombe wakajibana upande wa pili, wakapita. Watu wakasema, anatuonea kidogo, lakini ananunua pamba yetu, aachwe. Mwaka uliofuata ikasogea tena. Akajenga kibanda cha bati, kisha ghala la matofali. Mimi nilimwambia mara moja.

"Baba, palio hilo."

"Wanapita, mayu. Si wanapita?"

Kweli walikuwa wanapita, mmoja mmoja.

Kisha wakaja watu wa kupima viwanja, na mwavuli wao na kile chombo cha miguu mitatu. Mji unakua, walisema, lazima kila mtu ajulikane alipo. Siku ya kufika kwetu tulikusanyika wote, maboma ya nyuma na sisi. Mtu wa ofisini alikuwa na adabu. Aliuliza jambo moja tu, na ni jambo ambalo hata wazee wetu wangeliuliza.

"Mipaka yenu hapa huwa mnaitambua kwa nini?"

"Kwa minyaa," watu wakajibu. Wote. Hata mzee wa nyuma.

"Na minyaa hii hapa aliipanda nani?"

"Karani."

"Aliipata wapi?"

Macho yakanigeukia. Karani alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia yake, anatazama chini. Ningeweza kusema aliiba. Watu walikuwa wananingoja niseme hivyo, niliona. Lakini nilimkatia kwa mkono wangu, na ugali wangu ukapoa kwa ajili hiyo.

"Nilimpa mimi," nikasema.

"Ulimpa mwenyewe, mama?"

"Nilimpa matawi. Palio sikumpa, si langu."

"Ulimwonesha pa kuyachomeka?"

"Nilimwambia kwenye kona."

"Kona ipi? Ilipimwa?"

Nikanyoosha kidole tu. Akaandika. Jioni mawe ya mpaka yalikuwa yamesimikwa, na palio lilikuwa ndani ya kiwanja cha karani. Waliacha kichochoro cha mtu mwenye ndoo kichwani. Ng'ombe hapiti hapo, labda umkate pembe na matumbo.

Karani hakununua pamba tena baada ya hapo. Alijenga fremu kumi na mbili zinazotazama barabara, akapangisha. Huyu anauza simenti, huyu ananyoa, huyu anauza vitenge. Ninyi mmezaliwa mkizikuta, mnadhani zimeota zenyewe.

Sasa ng'ombe wa nyuma wakawa hawana njia ya kwenda lambo ila kuzunguka. Kuzunguka maana yake kupita sokoni, katikati ya malori na baiskeli na watu wanaotukana. Ng'ombe wakanywa mara moja kwa siku, kisha siku moja ndiyo siku moja siyo. Na huko sokoni wakajifunza kula takataka. Mfuko wa nailoni uliofungiwa chumvi au maganda ya ndizi, ng'ombe anaumeza wote. Hawezi kuuchagua.

Zizi langu halikuathirika sana. Ng'ombe wangu walikuwa wanne, na boma langu linagusa barabara, nilikuwa nawatoa kwa mlango wangu wa mbele, wanavuka, wanakunywa. Hilo ndilo lililoniumiza. Mimi niliyetoa matawi, ng'ombe wangu walishiba maji.

Mzee wa nyuma alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Hao ndio walikuwa mikono yake, maana watoto wake walikwenda migodini wakakaa hukohuko. Maksai mmoja akaanza kukonda. Tumbo kubwa, mbavu nje, hacheui. Wakampa dawa za miti, wakampa dawa ya dukani. Mwisho wakamchinja kabla hajafa, ili nyama isipotee.

Nilikuwa napepeta mtama nje ya jiko nilipomwona mzee anakuja. Hakusema shemeji. Alisimama mlangoni, akanisalimia, "Mwadila, mayu," kama anamsalimia mke wa mtu asiyemjua. Mkononi alikuwa na beseni. Akaliweka chini miguuni pangu. Ndani yake mlikuwa na kitu kama kichwa cha mtoto, kijani na cheusi, kimesokotana. Nikakigusa kwa kijiti. Ilikuwa mifuko ya nailoni. Mifuko na kamba na kipande cha shati.

"Nimekuletea fungu lako," akasema. "Limetoka kwenye tumbo la maksai. Mwaka huu nitalima na nusu ya jozi. Unifundishe, wewe unayejua kugawa."

Akaondoka, beseni akaliacha. Mwanamke mwingine angelia. Mimi niliosha lile beseni, nikamrudishia kesho yake, na mkewe alilipokea bila kunikaribisha.

Kutoka hapo nikaenda kwa karani. Alikuwa amenenepa, amekaa ndani ya duka la simenti chini ya feni. Alisimama aliponiona, kwa hilo namsifu. Akaniita mayu, akaagiza soda. Sikuinywa.

"Nimekuja kuomba palio," nikamwambia. "Fungua fremu mbili tu za mwisho."

"Mayu, mimi ningefungua. Lakini zina watu, wameshalipa kodi ya mwaka. Na karatasi imeshatoka."

"Wewe nilikupa bila karatasi."

"Ndiyo, mayu." Akatazama soda. "Ndiyo. Nakumbuka hata maziwa."

Nilikwenda na ofisini pia, mara tatu. Mara ya kwanza faili halikuonekana. Mara ya pili mwenye faili alikuwa semina. Mara ya tatu faili lilikuwepo, na ndani yake mlikuwa na maneno yangu mwenyewe, "nilimpa mimi," yameandikwa kwa wino wa bluu. Nikarudi kwa miguu, na njia ile niliyoizoea niliiona ndefu.

Wakati nahangaika hivyo, nyumbani mwanangu mkubwa alikuwa na mambo yake. Alikuwa ameoa, ana watoto wawili, na kilimo hakitaki. Sikumlaumu, pamba ilikuwa imeanza kushuka bei na wanunuzi wengine walikwisha kimbia. Aliona fremu za jirani zinamlisha mtu aliyekaa chini ya feni. Akafyatua matofali, akayachoma, akayapanga mbele ya boma, kati ya jiko na pale banda la kuku lilipo. Fremu nane. Alikuwa ameshapata mtu wa kumkopesha bati na mpangaji wa kwanza wa duka la dawa. Mke wake alikuwa ameshachagua rangi.

Jioni moja tumekaa tunakula, akaniambia fundi anakuja kesho kuchimba msingi.

"Ukijenga hapo," nikamwuliza, "ng'ombe wetu watatokea wapi?"

"Mama, ng'ombe wanne? Tuwauze. Mji umefika. Hata huyo mzee wa nyuma atauza tu, leo au kesho."

"Hilo ni la kwake kusema."

"Sasa mama, kosa la karani tulipe sisi?"

"Si la karani."

Mkwe wangu aliacha kula. Yeye ni mtu mpole, lakini siku hiyo alisema. "Mama, samahani. Watoto watasoma kwa nini? Kwa mavi ya ng'ombe wa watu?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na hata leo sina jibu lake. Wajukuu hao walisoma kwa shida. Mmoja ndiye anayewapitisha ninyi na pikipiki, na najua akitazama fremu za jirani anawaza nini juu yangu.

Sikulala. Nilikuwa nasikia ng'ombe wa nyuma wanalia kiu. Si wengi tena, lakini ng'ombe mwenye kiu halii kama ng'ombe mwenye njaa, analia kwa koo kavu, anakatiza. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka na ofisi, na muziki wa baa, na kuitwa mayu na watu wawili ambao kila mmoja alilitamka kwa namna yake. Nikawaza, minyaa niliyompa karani siwezi kuing'oa, imekuwa mawe. Lakini iliyobaki ni yangu.

Alfajiri fundi alikuja na kamba yake na vigingi vya kupimia. Nikamkuta anavichomeka. Nikamwambia apumzike, anywe uji. Nikawaita wote nje: mwanangu, mkewe, binti yangu, hata watoto. Nikaingia jikoni, nikatoka na panga lilelile nililomkatia karani, nikampa mwanangu. Alilipokea bila kuelewa. Nikawaambia hivi:

"Matofali haya yaondoeni yote, yapangeni nyuma ya nyumba, yatajenga choo. Minyaa ya nyuma kateni kuanzia hapa mpaka hapa, upana wa ng'ombe wanne. Na ya mbele vivyo hivyo, mpaka barabarani. Ng'oeni na mizizi, nisione inachipua. Mkikata simameni upande unakotoka upepo, utomvu usiwaingie machoni. Mkimaliza, mmoja aende kwa mzee wa nyuma akamwambie afungue zizi, njia ipo."